Mstari wa Bluu Chini ya Nyumba ya Mwenyekiti

Asubuhi ambayo binti wa mradi alimwomba Nesta atangulie njia, Maelasi alikuwa amekwisha kuvaa viatu. Vilikuwa vya ngozi, vya enzi zake za kazi, na alikuwa amevipaka mafuta ya nazi mpaka nzi wakaanza kuvitembelea. Kwapani alibana ramani ya zamani ya bonde letu la Aifera, iliyokunjwa mara nane na kubandikwa gundi kila penye mkunjo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mshika mnyororo wa wapima ardhi hapa Honiara, mji mkuu wa Visiwa vya Solomon, na kila kigingi cha chuma kilichomo bondeni alikipigilia yeye. Tena sasa ni mwenyekiti wa kamati ya bonde. Kama kuna mtu wa kutangulia, angekuwa nani tena?

"Leo nakupumzisha, mzee," Velma wa mradi akamwambia. "Jana na juzi nimekuzungusha sana. Leo naomba nitembee na mama."

"Mama gani?"

"Mama Dulsi. Mkeo."

Maelasi alicheka, akidhani anataniwa. Alipoona msichana anamsaidia Nesta kuingiza beseni la mihogo ndani ili watoke, kicheko kikamkauka. "Huyo? Huyo anajua pa kuuzia mihogo. Ukitaka bei ya fungu, muulize."

"Nataka kujua maji yanapopita."

"Si yamo humu!" Akaipiga ramani kofi.

Nesta alikaza shuka kiunoni, akachukua panga, akamtupia mumewe jicho la mtu anayeomba ruhusa bila kuiomba, kisha akatangulia. Wanawake waliokuwa bombani wote waliona. Mwenyekiti alibaki mlangoni na viatu vyake.

Niseme mapema jambo lenyewe lilikuwa nini. Mradi ulikuwa na saruji ya mtaro mmoja tu, kutoka mlimani hadi mtoni. Nyumba ambazo mtaro ungezikinga zingesimama msimu wa mvua, na nyumba nyingine zingeachiwa Mungu. Bonde zima lilikuwa linasubiri kuambiwa mstari utapita wapi.

* * *

Nesta alimshusha Velma upande wa wanawake. Sisi watu wa kisiwa cha Malaita, hata tukihamia mjini na kubanana kama dagaa, upande wa wanawake ni upande wa wanawake. Huko ndiko wanakokwenda haja zao, huko ndiko wanakofulia nguo ambazo macho ya mwanamume hayapaswi kuziona. Mwanamume hakanyagi. Kaka akimuuliza dada yake anatoka wapi saa hiyo, ni kama amemvua nguo. Velma alitoka visiwa vya magharibi, ambako mambo hayo wameyalegeza, na alikuwa amesomea ng'ambo. Alishuka huku anaandika.

"Weka mguu hapa," Nesta akamwambia. "Unasikiaje?"

"Sisikii kitu."

"Vua kiatu, mwanangu. Utasikia nini na kiatu?"

Velma akavua. Jua lilikuwa kali, lakini udongo chini ya wayo wake ulikuwa baridi.

"Maji hayo," Nesta akasema. "Yamelala. Tangu mlima umeguke mwaka ule wa mafuriko, yalihama. Kule kwenye vigingi vya baba Dulsi pamekauka, hata chura hakai. Huku mvua ikipiga siku tatu mfululizo, yanaamka."

Alimwonyesha jiwe linalotoa jasho kiangazi, na mahali ambapo choo cha jirani kilididimia polepole mwaka mzima, na mizizi ya mshelisheli iliyoachwa wazi kama vidole. Miaka ishirini na moja alikuwa ameshuka pale kila alfajiri, mvua na jua. Hakuna aliyewahi kumuuliza ameona nini, na sasa akiulizwa, maneno yalimtoka kwa fujo mpaka akawa anacheka peke yake.

"Na yakiamka yanatokea wapi?" Velma akauliza.

Nesta akanyoosha panga juu, kwenye chumba kipya cha matofali kilichounganishwa na nyumba yake ya mabati. Maelasi alikuwa amekijenga kwa kiinua mgongo chake chote, kwa kupima kila pembe mara tatu. Alikuwa akilala humo Dulsi, binti yao, mimba ya miezi minane.

"Mwenyekiti anajua?"

"Yeye ndiye aliyepima."

"Nimeuliza kama anajua, mama."

"Na mimi nimekujibu."

* * *

Jioni ile Maelasi alikataa kula. Nesta alimwekea muhogo wa nazi uliookwa kwenye majani, na jodari wa kopo juu yake, na yeye akausukuma kama aliyewekewa mchanga.

"Mmeongea nini?"

"Njia."

"Saa tano nzima, njia?"

"Ni ndefu, baba Dulsi."

"Ulirudi unacheka. Nimekusikia tangu kule chini. Mimi lini umenichekea hivyo?"

"Lini umenichekesha?" Nesta akasema, kisha akajuta, kwa sababu aliona uso wa mumewe umeshuka.

Wivu wa mwanamume juu ya mwanamume mwingine una dawa zake. Ataugomba, ataupiga ngumi, utakwisha. Huu wa Maelasi haukuwa na wa kupigwa. Binti wa watu hakumchukulia mke. Alimchukulia neno, neno ambalo yeye mwenyewe hakujua kama lipo nyumbani mwake. Kesho yake alipokwenda kibandani kununua popoo ya kutafuna, wenzake walikuwa wanamngoja.

"Mwenyekiti! Nasikia siku hizi ufagio unapima kuliko mnyororo!"

"Mwacheni mzee. Ameombwa alinde beseni la mihogo."

"Shemeji, tukuletee viatu vyepesi vya kukalia nyumbani?" Huyo alikuwa Kwaiga, kaka yake Nesta, aliyeishi nyumba nne chini yao. Hakuwa na nia mbaya. Kwaiga alimtania kila mtu. Maelasi alijichekesha, akachovya jani kwenye chokaa, na chokaa ikamuunguza ulimi kwa kuwa aliizidisha.

* * *

Jumapili baada ya ibada, Velma alibandika ramani yake mpya kwenye ukuta wa kanisa, ili watu wote waione na waseme. Ilikuwa kubwa na yenye rangi. Alikuwa ameifanyia kazi usiku na mchana, na alisimama kando yake amefurahi kama mama wa mtoto anayebatizwa. Maji ya chini kwa chini aliyachora kwa bluu. Vigingi vya Maelasi vilikuwa vidoti vidogo vyeusi pembeni. Na kwa rangi nyekundu, toka juu hadi chini, alikuwa amechora njia na kuandika kwa herufi kubwa kabisa: NJIA YA WANAWAKE YA CHOONI. Chini yake: maelezo ya Mama Nesta.

Wanawake wakainamisha vichwa. Kwaiga, aliyekuwa mbele kabisa, alisoma jina la dada yake pale lilipoandikwa, akageuka na kutoka nje bila kuvaa ndala zake. Nesta alijifunika uso kwa shuka.

"Kuna nini?" Velma akanong'ona. "Nimekosea wapi?"

Angebandua karatasi ile, akamwendea Nesta kando, akaomba radhi, yangeisha. Nesta mwenyewe angetosheka. Lakini Maelasi alikuwa amekwisha simama. Alikuwa ameiona njia nyekundu, ndiyo, na aibu ilimshika kama ilivyotushika sote. Lakini aliona pia mstari wa bluu. Aliufuata kwa jicho kutoka mlimani, ukapita nyumbani kwa mjane mmoja, ukapita chini ya mshelisheli, ukaingia moja kwa moja chini ya chumba chake cha matofali. Kelele alizipiga kwa ajili ya wekundu. Kilichomuuma kilikuwa bluu.

"Mke wangu amevuliwa nguo mbele ya kaka yake!" alipaza sauti. "Ndani ya nyumba ya Mungu! Nadai fidia!"

"Mzee, samahani sana, mimi nilidhani..."

"Usidhani! Fidia, kwa mila. Na ikilipwa, jambo limefungwa. Ramani hii ichomwe, na lolote lililotoka kinywani mwa mke wangu siku ile lizikwe. Lote. Lisisemwe tena na yeye, wala na wewe, wala na mtu."

"Lote?" Nesta akauliza kwa sauti ndogo, kutoka nyuma ya shuka.

"Lote!"

Wazee waliitikia kwa vichwa. Nani angempinga? Alichosema kilikuwa mila sawasawa. Fidia ikilipwa hufunga kinywa, na anayelifufua jambo lililolipiwa analipishwa mara mbili. Hakuna aliyemuuliza tangu lini maji nayo yana aibu.

* * *

Velma alikuja na fidia siku ya Jumatano. Mradi haukuwa na fungu la mambo hayo, kwa hiyo alinunua shanga za kombe, ndizo fedha yetu ya mila, sokoni kwa mshahara wake, nyuzi kumi nyekundu na nyeupe, akazileta kwenye mfuko mweusi wa plastiki kama mtu aliyebeba samaki. Hakujua zinashikwaje. Alipozitoa, zikajifunga mkononi mwake, na watoto wakacheka. Maelasi alizipokea kwa mikono miwili, akazinyoosha ili watu waone urefu wake.

Sehemu ya Kwaiga, kaka mtu, ilipasa kutoka siku ileile. Maelasi alisema atampa baadaye. Alizifungia sandukuni.

Ramani ilichomwa nyuma ya kanisa. Kisha Maelasi alivaa viatu vyake, akafungua ramani ya mikunjo minane, na kwa siku mbili alimtembeza Velma kwenye vigingi, kimoja baada ya kingine. Msichana aliandika bila kuuliza kitu. Maelasi alisema, alieleza, alipiga mifano ya wapima wakubwa aliofanya nao kazi. Kila walipopita mbele ya nyumba, alipandisha sauti ili Nesta asikie. Nesta alikuwa akimenya mihogo. Mstari ukaandikwa upite vigingini, na mhandisi angekuja Jumamosi ya wiki iliyofuata kutia sahihi.

"Umefurahi sasa?" Nesta alimuuliza.

"Nimerudisha heshima yako."

"Yangu?"

Maelasi akaenda kutafuta popoo.

* * *

Mvua ilianza usiku wa kuamkia Jumanne iliyofuata. Haikuwa mvua ya kutisha, ilikuwa ile ya kunung'unika tu. Jumatano ikanung'unika. Alhamisi mchana, Maelasi akiwa barazani anakunja na kukunjua ramani, Dulsi aliita kutoka chumbani.

"Baba! Umemwaga maji humu?"

Aliingia. Mkeka wa binti yake ulikuwa umelowa upande mmoja. Mlango ulikuwa mkavu, madirisha makavu, na paa halikuvuja hata tone. Maji yalikuwa yanapanda katikati ya sakafu, kwenye ufa mwembamba kama unywele, polepole, safi kabisa, kama maji ya kunywa. Maelasi alipiga magoti akaziba ufa kwa kiganja. Maji yakatokea kando ya kiganja.

Nesta alikuwa mlangoni. Hakushangaa, na hilo Maelasi aliliona kabla ya jingine lolote.

"Ulijua."

"Dulsi, mwanangu, hamia kwangu. Chukua na mto."

"Nesta! Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu unachimba msingi. Udongo uliotoa ulikuwa mweusi, na ulinuka mto."

Maelasi aliinuka, magoti yake yanatiririka. Mtu angedhani atasema habari za chumba, au za binti, au za kiinua mgongo kilichokwenda na maji. Hakusema hayo. "Na yule ukamwambia. Miaka ishirini na moja unalala na mimi kitanda kimoja, hukuniambia. Mtoto wa watu, siku moja, ukamwambia yote. Ukacheka naye!"

"Yeye aliniuliza."

"Mimi ni mumeo! Nikuulize nini?"

"Siku ile ya msingi nilikuja," Nesta akasema. Sauti yake haikupanda. "Nilisema, baba Dulsi, hapa pana unyevu. Ulifanya nini? Ulinipa kamba nishike upande wa pili. Ukasema, shika hapo, usisogee. Nikashika."

Maelasi alikumbuka. Siku zote alikuwa akikumbuka kamba, pembe zilivyokuwa sawa, na sifa alizopewa na fundi. Sauti ya mkewe siku ile hakuwa ameiweka popote.

"Basi sema sasa," akasema hatimaye. "Yanapita wapi yote? Yanashuka kwa nani?"

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Yamelipiwa. Shanga ziko sandukuni kwako. Nikifungua kinywa, kaka yangu ndiye atakayelipishwa mara mbili kwa ajili yangu. Wewe ndiye uliyesema lote, nikakuuliza, ukasema lote." Akampokea Dulsi mto, akamshika kiuno, wakatoka. "Na kwa Kwaiga yanafika kabla ya Jumapili, kama hujui."

Maelasi alikaa kwenye ukingo wa dirisha, miguu juu, akitazama sakafu yake ikijaa. Alikasirika. Aliwaza kwamba vigingi ni vyake, kwamba mlima ungehamaje bila ruhusa, kwamba yule msichana alivua kiatu mara moja akapewa kilichokuwa haki yake yeye. Alilia pia, kidogo, akijificha, ingawa hakuna aliyekuwapo wa kumwona.

* * *

Jumamosi mhandisi alifika, mzungu mwenye mvi kutoka Brisbane, na kanisa likajaa watu wenye matope hadi magotini. Velma alitandaza mchoro wa vigingini mezani. Kalamu ilikuwa imekwisha toka mfukoni mwa mhandisi.

Maelasi alisimama. Mkononi alikuwa na shanga, zote kumi. Hakwenda mezani, alikwenda hadi kwa Kwaiga, na kwa kuwa shemeji yake alikuwa amekaa sakafuni, alilazimika kuinama mbele ya watu wote.

"Shemeji, hizi ni zako. Zilikuwa zako tangu siku ile."

"Sehemu yangu tu," Kwaiga akasema, macho chini.

"Zote. Nilidai kwa jina la aibu yako. Haikuwa aibu yako niliyoipigia kelele." Akamwekea shanga mapajani. "Nilimwonea wivu dada yako. Ndiyo hivyo. Nililipisha watu kwa wivu. Kwa hiyo nakulipa mimi, na nililolifunga nimelifungua."

Mtu mmoja aliguna. Mwingine akacheka, akapigwa kiwiko. Hatujawahi kuona mwenyekiti akilipa kwa jambo ambalo yeye ndiye aliyelidai, na sidhani kama tutaona tena. Kwaiga alizitazama shanga, akazivaa begani. Halafu akasimama, akachukua ndala zake mkononi, akatoka nje kwenye mvua, ili dada yake aweze kusema.

Wanaume wengine wenye dada mle ndani wakamfuata, mmoja mmoja.

"Mama Dulsi," Maelasi akasema.

Nesta hakuinuka. "Nikisema, chumba kinaondoka. Mtaro utapita pale pale."

"Najua."

"Matofali yako, baba Dulsi."

"Sema, mama. Usinifanye nikuombe mara tatu."

Akasema. Mwanzo aliongea na mikono yake, kisha na Velma, kisha akasahau kuna watu. Maji ya kwa mjane, ya mshelisheli, ya chumba cha Dulsi, ya kwa Kwaiga. Yapi hukimbia, yapi hulala, yapi hudanganya. Njia ya wanawake hakuitaja hata mara moja, na Velma hakuichora. Velma alitafsiri, na mhandisi aliandika kila neno, akigeuza ukurasa baada ya ukurasa. Maelasi aliitazama kalamu ile. Miaka kumi na tisa alikuwa amewapeleka wapima milimani, amewafyekea, amewabebea, amewavusha mito mgongoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika neno lake. Moyo ulimwuma upya, palepale, wala shanga hazikuwa zimeuponya.

Walitoka kupima mstari mpya kwenye mvua. Nesta alitangulia, peku. Velma alishika mwanzo wa futi, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine anayejua kuivuta bila kuilegeza, Maelasi alishika mwisho wake. Walipofika kwenye ukuta wa chumba cha matofali, Nesta aligeuka kumtazama. Yeye akakaza futi.

Mwishoni mhandisi alitoa fomu. Kila aliyechangia taarifa aliandikwa jina na kazi yake. Velma aliandika jina la Nesta kwanza, kisha akamgeukia Maelasi, maji yakimtiririka usoni, kalamu ikisubiri.

"Na wewe, mzee? Nikuandikeje? Mwenyekiti? Au niandike kazi yako ya wapima?"

Maelasi alitazama fomu, akatazama jina lililokuwa juu ya nafasi yake. 

"Andika mume wake," akasema.